Uzito wa Pindo

Alikuja Alhamisi, mvua ikimtangulia mlangoni,
Ruaridh, mpiga ngoma, mtoto wa Eilidh wa duka la mikate,
mikono ikinuka samoni wa kiwandani
hata baada ya sabuni.
"Nataka kilti. Gwaride limebakiza wiki tatu."
Akaweka mezani pauni tisini,
akazilaza noti mojamoja
kama mtu anayeonyesha karata mbovu.

Nimeshona hapa Dingwall miaka thelathini na minne,
kidole changu kina sugu inayoishinda kastabini.
Nikamshushia majora mawili.
La kwanza sufu: kijani cha msitu, mstari mwembamba mwekundu,
yadi nane, zito kama mtoto aliyelala.
La pili poliesta: kijani kilekile, mstari uleule,
jepesi kama ahadi.

Nikachomoa uzi huku, uzi kule,
nikawasha kiberiti.
Sufu ikanuka nywele zilizoungua, ikawa jivu, nikalipuliza.
Poliesta ikajikunja, ikalia,
ikawa shanga nyeusi
iliyong'ang'ania kisahani mpaka leo.
"Hii ilikuwa mnyama," nikamwambia,
"na hii ilikuwa mafuta chini ya ardhi."
Akaitazama ile shanga, akaitazama sana.
"Na ipi inafuliwa kwa mashine?"

Sikuwa na jibu la kujivunia.
Poliesta haiogopi nondo.
Marinda yake ukiyapiga pasi mara moja, yanakumbuka.
Mvua huteleza juu yake
pale ambapo sufu ingekunywa hadi ikulemee magotini.
Rahisi ni ghali: methali ilinifika ulimini,
nikaimeza.
Aliyeitunga alikuwa na uwezo wa kuchagua.

Basi nikamshonea poliesta.
Kwa mkono, kama sufu,
marinda ishirini na saba,
mstari mwekundu ukirudi palepale kwenye kila rinda,
maana sindano haiulizi bei.
Nikaikunja na pindo, kwa sababu inachanika nyuzi.
Sufu haihitaji pindo. Ukingo wake unajitosha.

Jumamosi ile upepo ulishuka kutoka Ben Wyvis
bila kubisha hodi.
Wapuliza zumari wakapita na sufu zao,
marinda yakiyumba taratibu
kama mlango mzito wa kanisa.
Kisha akaja Ruaridh, safu ya nyuma,
mikono yote miwili ikiwa kazini.
Penye kona ya posta
upepo ukainua kilti yake
kama mpishi anayefunua sufuria
aone kama nyama imeiva.

Alikuwa ameshika desturi ya kutovaa kitu ndani.
Desturi hiyo, nakwambia, iliwekwa na watu wa sufu.

Mtaa mzima ukaona.
Bibi Farquharson akaiachia baiskeli yake ikaanguka.
Ruaridh akawa mwekundu mpaka masikioni,
lakini ngoma haikukosa pigo,
hata moja.

Jumatatu akarudi, kilti ndani ya mfuko wa plastiki.
Nikadhani anadai pesa zake.
Akamimina mezani chupa ya jamu iliyojaa peni,
shaba tupu, zikabingiria hadi kwenye mkasi.
"Zishone ndani ya pindo," akasema.
"Nimepima kwa mizani ya mama, ile ya unga.
Zikifika mia mbili, tunaikaribia sufu."

Nikazishona, kila moja na kijumba chake,
siku mbili usiku, sikumtoza.
Sasa akipita, ukitega sikio chini ya ngoma,
utasikia mlio mdogo wa shaba,
mtu anayeweka akiba huku akitembea.

Jora la sufu bado liko rafu ya juu.
Nimelizungushia gazeti, nondo wasilione.
Sijaandika jina la mtu juu yake.
Ila juzi mtalii mmoja aliliulizia, pochi wazi mkononi,
nikamwambia limeshauzwa.